Shaba Niliyoing'oa Mkunya

Wiki iliyopita niliingia ofisi ya mnunuzi wa madini, Masasi, nimekumbatia jiwe kama mtoto mchanga. Lilikuwa na madoa ya kijani, nami nilikuwa nimetoka kusoma habari za wahandisi wa kwanza wa migodi ya shaba.

"Shikamoo, Baba," alisema dada wa kaunta.

"Marahaba. Wahandisi wale, binti yangu, waliona doa la kijani tu juu ya mwamba, wakajua chini kuna shaba. Wakachimba, wakajenga miji, wakaleta reli..."

Alinisikiliza kwa adabu mpaka reli yangu ikafika baharini. Kisha akalowesha kitambaa kwa petroli, akasugua doa, akanionyesha. Kitambaa kilikuwa kimegeuka kijani.

"Hii rangi ya mafuta, Baba. Umelitoa wapi?"

"Mkunya, pembeni ya mikorosho ya mama mkwe."

"Yapo mengine kama hili, yamekaa mstari?"

Yalikuwapo. Mimi nilidhani ndivyo shaba inavyopita ardhini.

"Basi umeng'oa mpaka wa shamba."

Jioni ile nilichimba shimo langu la kwanza, la kulirudisha jiwe. Mama mkwe alisimama upande huu, jirani yake upande ule, kila mmoja akinionyesha kwa kidole mahali anapotaka mpaka upite.