Wananililia Mtandaoni, Nikisema Mimi Mzima Wananiita Tapeli

Admin, jina langu lifiche na machimbo usiyataje. Nina miaka thelathini na minane, kwetu ni Kishapu, shule niliishia darasa la sita. Mke na watoto wako nyumbani, mimi nachimba dhahabu huku Geita.

Huku tunalala wanaume wengi turubai moja, lakini hakuna anayekuuliza umeamkaje. Anauliza jiwe limetoka? Basi. Karibu na duara letu, yaani shimo tunalochimba, kuna duara jingine lililoachwa, ndani wanalala popo. Nilikuwa nashuka kuwapiga picha, kupunguza mawazo tu. Siku moja akapita mtafiti wa popo, akaziona, akaniunganisha na wenzake.

Mtandao wao si kama huu wa kampuni moja. Wanasayansi hao waliukimbia ule mkubwa kwa sababu ya matusi na matangazo, wakafungua seva yao wenyewe, kama nyumba. Anayeitunza ni dada mmoja mwalimu wa chuo. Watafiti wengine nao wana nyumba zao, na nyumba zote zinasomana. Wengi ni Waswahili wenzetu, wa Tanzania na Kenya. Sikuweka jina wala sura, wakaniita Kaka wa Geita. Kila jioni lazima mmoja aandike, "Kaka wa Geita, popo wako wameshatoka? Na wewe umekula?" Mke wangu nikimpigia tunaongea ya shule na ya mbuzi, salio linaisha.

Mwezi uliopita simu yangu iliibwa kwenye kibanda cha kuchaji nikiwa shimoni. Kumbe siku hizo hizo dada alikuwa anaifunga ile seva, amechoka kuibeba peke yake, na kila mtu alitakiwa ahamishe akaunti yake kwenda seva mpya. Sikujua. Tena wiki hiyo duara la machimbo ya jirani lilititia, wakafa watu, redio ikatangaza bila majina.

Nilipopata simu nyingine nikaitafuta seva mpya. Nikakuta wananililia. Picha ya popo wangu wameiweka juu kabisa. Mzee mmoja wa Nairobi kaandika, "Alikuwa macho yetu kule chini, na sikuwahi hata kumuuliza jina." Nilikaa kwenye mawe nikalia. Sijawahi kusemwa vizuri namna ile.

Akaunti yangu ilikufa na seva ile, nikafungua mpya, nikaandika, "Dada, shikamoo. Mimi mzima."

Akajibu, "Usicheze na msiba wetu. Juzi mwingine alijiita mdogo wake, akaomba rambirambi. Marehemu alikuwa na picha nyingi. Kama ni wewe, leta moja ambayo hatujawahi kuiona."

Sina. Zote zilikwenda na simu, pamoja na namba ya yule mtafiti aliyeniunganisha. Nilivyozidi kujieleza akanifungia. Sasa nimejiunga na nyumba nyingine, nawasoma tu kwa mbali.

Iliyobaki ni kushuka kule nikapige picha mpya. Lakini matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yameoza, na mvua imeingia. Nilimwomba Masanja, ninayechimba naye, anishikie kamba. Akacheka mpaka akakohoa.

"We Msukuma una akili kweli? Unataka ufe ili wajue hujafa?"

Nikamwambia wale ni watu wangu.

"Watu wako! Ukifukiwa leo, nani kati yao atakuja na sururu? Ni mimi nitakayefukua, na ni mimi nitakayempigia Mama Kulwa kumwambia mumewe amekufa akipiga picha popo. Kamba sishiki."

Alisema kweli. Ila Masanja huyo huyo, muda wote tuliolala turubai moja, hajawahi kuniuliza kama nimekula.

Nimeona wameandika kwamba Jumapili wanaanua matanga yangu, halafu wanarudi kwenye kazi zao. Baada ya hapo hakuna atakayenitaja tena. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nishuke, au nikubali tu kuwa marehemu, niwe nawasoma?