Mguu wa Damiani na Heshima ya Ukwe

Damiani wa Kinampanda alikuwa mtu wa adabu hadi inakera. Akimwona mama mkwe wake, Mama Febronia, anakuja njiani, aliingia vichakani akasubiri apite, ndipo aendelee na safari. Watu walimsifu sana. Sifa hizo ndizo zilizomponza.

Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi nyayoni. Mwiba ulimchoma akipalilia alizeti, hakuusikia. Alichokuja kusikia ni harufu. Hospitalini daktari alikwangua nyama iliyooza, akajaza sponji kidondani, akafunika kwa plastiki, kisha akaunganisha mpira na mashine ya kunyonya usaha na kuutia kwenye chupa.

“Mguu huu bado tunaweza kuuokoa,” alisema daktari. “Ila mashine isizimwe. Ukiizima, uchafu utabaki humo ndani na kuozesha tena.”

Rebeka, mkewe, alimuuguza vizuri, hadi alizeti zikakauka na ndege wakaanza kuzimaliza. Ilibidi arudi kuvuna. Hakuwa na wa kumwachia mgonjwa ila mama yake mzazi.

Mama Febronia alipoingia wodini, mashine ilikuwa inakoroma na usaha umefika nusu ya chupa. Damiani alitamani ardhi ipasuke. Akaifunika chupa kwa shuka, akabonyeza swichi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Unaendeleaje?”

“Salama tu.”

Salama gani! Kutwa nzima mama mkwe alikaa pale, amekipa kitanda mgongo kama mila inavyotaka, na mashine imezimwa. Akitoka kwenda kufua, Damiani anawasha, akirudi, anazima. Wakati wa raundi ndugu wote hutolewa nje, basi madaktari kila wakipita waliikuta inakoroma, wakaridhika.

Homa ikampanda. Daktari alipobandua plastiki, nesi aliziba pua. Wakaukata mguu juu ya goti.

Rebeka alikuja mbio kutoka shambani. “Mama, hukuona kuwa anaizima?”

“Nilisikia inanyamaza kila nikiingia,” Mama Febronia alijibu huku analia. “Lakini, mwanangu, ningeanzia wapi kumuuliza mkwe wangu habari za mwili wake?”

Ujinga mtupu, tena wa watu wema, na ndiyo maana unauma zaidi. Alizeti hazikungoja, Rebeka akarudi kuvuna.

Kesho yake Damiani alishikwa na haja, na magongo hajayazoea. Mama Febronia alimkumbatia kiunoni, akamkokota hadi chooni, akamfungua suruali, akamkalisha.