Evode Alisudira kwa Masikio

Watu wa Mahoko walikuwa wanasema Evode hana haja ya macho. Walisema kama sifa, na yeye alichukua kama sifa.

Nusu ya milango na madirisha ya chuma ya huku kwetu alisudira yeye, aliunga chuma kwa moto wa umeme. Wakati wa kuwasha moto alikuwa anageuza kichwa pembeni, anafunga macho, anasikiliza. Moto ukiwa muzuri, chuma inalia kama sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwa mafuta. Ukiwa mubaya, inapasuka-pasuka. Evode alifuata ile sauti tu, mukono unatembea, mustari unatoka sawa. Wateja walikuwa wanasimama kuangalia kama kwa cinéma.

Maski alikuwa nayo, ile kubwa yenye kioo nyeusi ya kufunika uso. Ilikuwa inakaa juu ya meza, imepinduliwa. Alikuwa anaweka misumari ndani.

"Maski ni ya waoga," alikuwa anasema. "Ukifunika uso, utasikia chuma namna gani?"

Kazi alijifunzia Goma, ng'ambo ya mpaka, akiwa kijana, kwa fundi mwenye alifanya vilevile. Waliporudi huku na familia, alirudi na mashine moja na lunetti za jua, miwani nyeusi ya kawaida. Jioni macho yalikuwa yanawaka kama mutu amemwagia pilipili. Njo bibi yake Pulchérie alikuwa anakata kiazi kibichi, vipande viwili, anamuwekea kwa macho mpaka alale. Ukitembea kwa maateliye yote ya Mahoko, kwa mafundi wote wa chuma, utaona ni hivyo. Viazi hatukose.

Binti yao Uwineza alipomaliza masomo, hakuna kazi, baba akamuweka kwa mashine. Akamufundisha vile anajua: geuza kichwa, funga macho, sikiliza. Mutoto akashika haraka sana. Wateja wakaanza kusema: "Huyu ni Evode kabisa." Na jioni Pulchérie akaanza kukata vipande vinne.

Evode aliona ile na akafurahi. Siandike kumusema vibaya. Alifurahi kama baba yeyote.

Bon. Ikafika hoteli moja ya kando ya ziwa ikataka mageti na ngazi. Kazi kubwa. Wakamwambia: fundi mukuu lazima apite kozi ya kuanza pale chuo cha ufundi, njia ya Nyakiriba. Kozi ya kuanza! Kupima, kuchora, usalama, kusudira chuma imelala chini. Vitu vya mutu hajawahi kushika baguette, ile fimbo ndogo inayeyuka kuunga chuma. Evode alitukana siku nzima. Na hapa niseme wazi: wote tuko hivyo. Mwanzo tunauruka. Mutu akijua kuwasha, anajiita fundi, na mwenye anaomba kuonyeshwa mwanzo tunamucheka.

Akaenda. Kwa mulango, kijana mumoja wa darasa akamuuliza:

"Muzee, umeleta mutoto kuandikisha?"

"Nimekuja kukuandikisha wewe kwa ateliye yangu, sha. Utafagia."

Darasa ikacheka. Alianza vizuri.

Mwalimu alikuwa Kabatesi, mama kijana aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Hakuwasha mashine. Alisimama mbele, akauliza:

"Nani hapa amewahi kulala na viazi machoni?"

Mikono ikapanda, na kicheko. Evode alipandisha yote mbili kama mutu amefunga goli. Kabatesi hakucheka.

"Kiazi kinapoza maumivu. Basi. Kilichoungua ndani ya jicho hakirudi kwa kiazi, wala kwa maziwa, wala kwa kulala. Na miwani ya jua mnayovaa haizuii kitu."

Evode akasema kwa sauti ya chini, lakini watu wakasikia: "Mi niko hapa, na niko naona."

Halafu Kabatesi akachora mustari kwa chaki juu ya bati, akampa kila mutu baguette bila moto. Kazi ni kufuata mustari na ncha, polepole, mpaka mwisho. Ni zoezi ya watoto. Wale vijana walifuata. Wengine polepole sana, lakini walifuata.

Evode aliinama. Ncha ikatoka nje ya mustari, ikarudi, ikatoka tena. Akafuta bati na mukono.

"Bati yenu iko chafu, mwalimu."

"Jaribu tena, mzee."

Akajaribu. Bila moto hakuna sauti. Bila sauti Evode hakujua iko wapi.

Kabatesi hakusema kitu mbele ya watu. Walipotoka kupumzika akamubakisha.

"Mzee Evode, niangalie usoni. Unaona nini?"

"Naona masikio yako. Naona kitambaa cha kichwa."

"Na pua yangu?"

"Pua najua tu iko hapo," Evode akasema, akataka kucheka, kicheko ikakataa.

Ilikuwa hivyo tangu zamani. Katikati ya kila kitu kulikuwa doa, kama moshi. Alijiambia ni vumbi. Alijifunza kujua watu kwa sauti na kwa mutembeo. Kanisani alikuwa anaangalia watu kwa pembeni, wakafikiri amekuwa na maringo. Pulchérie pia alifikiri hivyo.

Kabatesi akamutuma kwa daktari wa macho. Daktari hakuzunguka. Katikati ya macho yote mbili imeungua kwa mwanga wa kusudira, kila mara alipofungua kuchungulia mustari, na haitarudi. Pembeni imebaki, na itabaki kama akiacha moto. Evode hakulia. Aliuliza kitu kimoja:

"Na mutu mwenye ameanza juzi-juzi?"

"Nani?"

"Binti yangu."

"Mulete. Lakini aache leo."

Alifika Mahoko akasikia mashine kabla ya kufika kwa kona. Chuma ilikuwa inalia vizuri, kama sambaza kwa mafuta. Uwineza alikuwa ameinama kwa geti, kichwa pembeni, macho imefungwa. Mwenye geti alikuwa amesimama anaangalia.

"Muzee Evode! Huyu mutoto anasikia chuma kukupita!"

"Zima," Evode akasema.

"Papa, kesho wanakuja kuchukua."

"Uwineza, zima."

Akazima. Evode akasogea karibu kabisa.

"Niangalie usoni. Unaona nini?"

"Naona muzee mukali," mutoto akasema, na mwenye geti akacheka.

"Si mchezo. Unaona pua yangu? Unaona macho?"

"Naona yote, papa. Niko sawa. Uliniambia we mwenyewe maski ni ya waoga."

Evode alimuangalia sana. Aliona nywele, aliona mabega, aliona mukono wenye baguette. Uso hakuuona. Mutoto wake anasema niko sawa, na yeye hawezi kujua kama anasema kweli ao anadanganya kwa ajili ya kazi, vile yeye alidanganya.

Akaenda kwa ukuta, akachomoa kamba ya umeme ya mashine. Akachukua musumeno wa chuma. Akakata ile kamba katikati, mbele ya muteja.

Uwineza alilia kwa hasira. "Geti ya watu! Unaniaibisha ju ya nini?" Mwenye geti akaondoka akisema Evode amerogwa. Pulchérie alipoambiwa habari ya daktari alikaa chini. Jioni ile hakukata kiazi.

Wiki iliyofuata Uwineza alienda chuoni, ju mama yake alimusukuma. Njia yote hakuongea na baba. Kwa darasa Kabatesi akachora mustari. Evode alibaki nje, mugongo kwa ukuta, akisikiliza. Ncha ya chuma juu ya bati haisikike sana. Alisikiliza tu.

Kabatesi akatoka.

"Ameufuata mpaka mwisho, mzee. Jicho la kushoto linamchelewesha kidogo. Atakwenda kwa daktari. Lakini ameufuata."

Evode akaondoa mugongo kwa ukuta.

Uwineza alipita mbele yake bila kusimama. Evode alimujua kwa mutembeo. Akasikia hatua zinaenda, halafu zinasimama.

"Papa."

"Niko hapa."

"Ile maski. Utoe misumari yako ndani."

Evode alifika ateliye akakaa chini, akaweka maski juu ya magoti. Kioo yake ilikuwa mupya, haijawahi kuona moto. Akaanza kutoa misumari mumoja mumoja, kwa vidole, maana kwa macho haikuwezekana.