Tuta la Jirani

Watu husema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga. Nilikaa kibarazani kwangu nikaliangalia tuta la jirani asubuhi hadi jioni, roho ikiniuma.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, hapo mtaani kwetu Arusha. Zamani gari likipita watoto walikuwa wanatoka kulishangaa. Sasa kila mwenye duka alikuwa na pikapu ya kutoka Dubai, na madereva walishagundua kwamba barabara yetu ya vumbi ni njia ya mkato ya kwenda sokoni. Walishuka nayo kama wamefukuzwa. Mume wangu aliweka mawe, wakayatupa mtaroni. Akaweka pipa, wakaondoka nalo.

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama wa Kichaga mwenye duka la vitenge, hakuhangaika na mapipa. Aliwaita kaka zake, wakaja na lori la kifusi, wakamwaga mbele ya geti lake na kushindilia mpaka tuta likakaa. Halafu akapanda masale huku na huku. Isale ni ule mmea wa majani marefu ambao Wachaga hupandia mipaka ya mashamba yao ya ukoo, na hakuna Mchaga wala Mmeru atakayeligusa bila sababu. Na madereva wenyewe walikuwa kina nani? Hao hao. Wakifika pale wanapunguza mwendo kwa adabu, wengine wanatoa kichwa dirishani, shikamoo mama. Wakishavuka tu wanakanyaga mafuta mbele ya geti langu, chini kidogo, na vumbi lote naachiwa mimi.

Kwa nini yeye? Duka analo, kaka anao, geti la chuma analo, na tuta pia awe nalo yeye? Hata hayo ningeyavumilia, kama si mama yangu.

Nilikuwa nakaa na mama yangu mzazi, macho yake yameshaanza kuingia ukungu. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alishika fimbo yake akavuka barabara kwenda kwa nani? Kwa huyo huyo. Wanakaa wanachambua maharage na kucheka. Kwangu alikuwa hacheki hivyo. Nikimuuliza huko kuna nini, ananijibu, "Yule ana maneno mazuri. Wewe ukiongea ni kama unagombana." Mimi, mtoto wa kumzaa mwenyewe.

Siku moja bombani nikasema, tena kwa sauti, kwamba kuna watu wanadhani barabara ni urithi wa baba yao. Maneno yakafika kwake kabla ndoo zangu hazijajaa. Tukaacha kusalimiana. Mama hakuacha kwenda.

Kisha mchana mmoja nikasikia breki, halafu kimya. Nilitoka mbio nikamkuta mama amekaa mtaroni, fimbo imevunjika, pikapu imesimama kiupandeupande na dereva anatetemeka kuliko yeye. Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Alijikung'uta vumbi akauliza kwa jirani ni upande gani, maana alikuwa bado anataka kwenda.

Hapo nikasema basi. Sokoni kulikuwa na mama wa Kimeru aliyeleta ndizi kutoka upande wa Makumira. Nikamwomba masale, akaniletea mawili yenye mizizi. Hakuniuliza ni ya nini, nami sikumweleza. Sisi watu wa Kondoa isale si letu. Nilichojua ni kwamba linawatuliza madereva, na kama siri ni majani, na mimi nitakuwa nayo.

Moja nikalipanda upande wangu. Upande wa pili wa barabara ulikuwa ukingo wa ua wake, sikuwa na namna. Nikavuka, isale mikononi, nimeinamisha kichwa natafuta udongo laini. Geti likafunguka. Alikuwa yeye. Akaniangalia, akayaangalia majani, sura ikambadilika. Akaja akalipokea isale kwa mikono miwili.

"Yameisha, jirani," akasema, machozi yanamlenga. "Kwetu mtu akikuletea isale huwezi kumnyima msamaha, hata angekuwa ameua. Yameisha kabisa."

Msamaha? Mimi nimwombe yeye? Jibu lilinifika mdomoni, tena la kumtoa mtu machozi ya kweli. Kisha nikamwona mama nyuma yake kibarazani, na fimbo mpya ambayo hata sikujua amepewa na nani. Nikalimeza.

"Kama yameisha," nikasema, "basi nataka tuta."

Jumamosi kaka zake walirudi na kifusi, wakashindilia tuta la pili mbele ya geti langu. Mtaa mzima ukasema nimekwenda kuomba radhi, na nikikataa wananicheka. Wacheke. Magari yalipunguza mwendo. Nilisimama getini nikamtazama mama akivuka taratibu, dereva amesimama anamsubiri, mpaka akafika salama salimini kwa mwanamke yule. Na kwa kuwa njia sasa haikuwa na hatari, akaanza kwenda tangu asubuhi, na chakula cha mchana akawa anakula huko huko.