Mtani Wangu wa Chupa

Biashara ya chupa za plastiki tuliianza wanawake wawili, mimi na mtani wangu. Mimi Mnyaturu wa Ilongero, yeye Msukuma aliyeolewa mtaani kwetu Singida mjini, na utani wa makabila yetu ulituruhusu kutukanana tangu siku ya kwanza. Siku za mnada tuliokota chupa mpaka mitaroni, kabla mbuzi hawajaanza kuzitafuna. Watu walituita machizi. Uani kwangu tulizitoa vifuniko, tukazikanyaga zikawa bapa, tukazishindilia kwenye viroba.

Kuokota si kazi. Kazi ni kumpata mnunuzi, maana lori haliji kutoka Dodoma kwa viroba viwili vitatu. Nikazunguka mwenyewe kwa kina mama wa mabaa na wapishi wa shughuli, nikiwabembeleza wasichome chupa, mpaka ua ukajaa na lori likaanza kuja. Mvua ikinyesha, maji yalipita mitaroni bila kuziba, nami nilitembea kifua mbele.

Kila lori lilipokuja, mtani alimwambia mnunuzi mbele ya watu wote: "Tajiri, huyu Mnyaturu ni kibarua wangu tu. Chukua namba yangu. Siku moja nitahamishia kwangu viroba vyake vyote." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamjibu kwamba Msukuma ukimwachia mizani ataila akidhani ni michembe, vile viazi vyao vikavu.

Kisha mama yangu akafariki. Mtani alikuja Ilongero, akatimiza wajibu wote wa mtani msibani: akavaa viatu vya marehemu, akaigiza sauti yake akinigombeza, akajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Nililia huku nacheka, na nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtu wa namna ile. Baada ya mazishi aliondoka mapema, akasema anakwenda kuangalia chupa.

Matanga yalipoisha nilirudi mjini nikakuta ua mweupe. Hakuna kiroba, hakuna mizani. Jirani akasema vimehamia kwa mtani, karibu na stendi. Nikacheka tena. Kwetu mtani hunyakua kitu cha mfiwa, na mfiwa hukikomboa kwa zawadi na matusi mazito. Nikamfunga jogoo miguu, nikaenda nikitunga matusi njia nzima.

Lori lilikuwa pale linapakia. Kina mama niliowatafuta kwa miguu yangu walikuwa kwenye foleni, wakainamisha macho. Nikamwinulia mtani jogoo, nikamwita mwizi wa ng'ombe. Hakucheka.

"Pole na msiba, dada," alisema. "Hapa ni kazini. Na nilikwambia mbele ya watu, sikukuficha."

Niliondoka na jogoo wangu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mashahidi walipoitwa, wote walikumbuka vizuri: yeye alisema, mimi nikacheka. Mwenyekiti naye alikuwa anazuia tabasamu. Kesi ya watani, alisema, hajui aishike wapi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi msemo huo nilikuwa nikiwafundisha wanangu.

Chupa bado naokota, sina kazi nyingine. Hapa jirani mizani ni moja tu, kwa hiyo nazipeleka kwa mtani. Hunipimia kwa haki, hunipa na maji ya kunywa, na kila mara huniita dada.