Baba Anaitwa Shuleni

Korona ilifunga shule na mpaka kwa mpigo mmoja, sisi tukakosa masomo, baba akakosa kazi. Alikuwa akivusha watu kwa baiskeli, kati ya Busia yetu ya Uganda na Busia ya Kenya, kutwa nzima. Sasa alishinda uani kwetu Buteba akipangusa baiskeli iliyokwisha kung'aa, hasemi na mtu. Mama aliogopa. Akaficha kamba ya mbuzi, na mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa sababu. Mbuzi akabaki huru, akala maharage ya jirani.

Asubuhi moja tuliamshwa na kelele za chuma. Baba alikuwa ametundika rimu ya gari kwenye mfenesi akiigonga kwa spana, kavaa koti la kanisani na tai.

"Paredi," alisema. "Kila mtu simama mstari."

Tangu siku hiyo akawa hedimasta. Wanafunzi tulikuwa mimi wa darasa la tatu, mdogo wangu wa chekechea, na mbuzi, aliyeitwa jina kila asubuhi na hakukosa hata siku moja. Jiografia ilikuwa barabara ya Tororo na vilima vyake. Sayansi ilikuwa kuziba pancha. Mama, mpishi wa shule, alisimamishwa kazi kwa kuchelewesha uji, na siku hiyo hedimasta naye alilala njaa.

Siku moja tai yake ilizama kwenye uji, nikacheka.

"Wewe kwenda nyumbani. Bila mzazi hapana rudi hapa."

Nyumbani kulikuwa upande wa pili wa jiko. Nilizunguka, nikakaa barazani nikiona upuuzi mtupu. Punde baba akatokea bila tai, kofia mkononi, akauliza nimefanya nini tena. Akanishika mkono hadi shuleni, akasimama mbele ya kiti kitupu.

"Mwalimu, mimi nasikia haya. Hii mtoto iko na kichwa, lakini mdomo mingi."

Akakaa kwenye kiti, akavaa tai. "Na wewe mzazi, siku yote iko wapi? Sisi hapana ona wewe."

Akavua tai, akarudi kusimama pale mzazi aliposimama.

"Kazi ilipotea, mwalimu. Mimi naona haya kukaa na watoto, mkono mitupu."

Hakuwa amewahi kutuambia. Mdogo wangu akampigia makofi ya darasani, yale ya mtu aliyejibu sawasawa, nami nikafuata. Mama aliukoroga uji ulioiva kitambo.

Shule zilifunguliwa baada ya karibu miaka miwili. Niliondoka na sare iliyoishia juu ya magoti, mdogo wangu nyuma yangu. Hatujafika barabarani, rimu ikalia. Niligeuka. Mama aliacha sufuria motoni, akaenda kusimama mstarini peke yake, mikono mbele. Baba akamkagua kucha moja moja, bila haraka, kisha akaenda kuchukua baiskeli yake.

Jioni niliporudi, mbuzi alikuwa amefungwa kwa kamba.