Hita ya Samaki wa Baba

Mpaka leo nashangaa jinsi baba yangu alivyowahangaikia samaki. Mwalimu mmoja wa kigeni, alipomaliza mkataba wake Kibaha, alimwachia tangi la kioo lenye samaki wa rangi, pamoja na hita ya umeme ya kuwapashia maji. Kule Kibaha haikuwa na kazi kubwa. Baba alipohamishiwa Kisarawe, juu kilimani, kipupwe kikatupokea, na hita ikawashwa usiku na mchana. Ukoo mzima ulitucheka: samaki gani hao wa kuchemshiwa maji na hawaliwi!

Wakaanza kufa. Kila asubuhi baba alikuta kipimajoto kimeshuka, ikifika mchana kimepanda tena.

"Hita ni ndogo," akasema. "Tangi linaingia madebe mawili, na baridi ya huku si ya Kibaha."

Akahangaika Dar mpaka akapata kubwa zaidi. Asubuhi maji yakawa baridi vilevile. Mimi nilishachoka, maana nyumbani hatukuzungumza lingine ila wati.

Siku hizo bibi, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Gwata kutibiwa miguu. Ukimuuliza hali, jibu lake ni moja: "Sijambo, mjukuu wangu."

Alfajiri moja baba akaamka mapema aone joto linakwenda wapi. Nikamfuata. Alipofungua mlango wa sebule, nilipigwa na butwaa. Bibi alikuwa ameinamia tangi, mkono umezama hadi kiwiko, anachota maji kwa kopo. Kando yake ilikuwepo ndoo ya maji baridi.

"Mama! Umeme huo! Utakufa!"

Baba aliruka, akachomoa waya ukutani. Bibi naye alishtuka, akadhani anaitwa mwizi.

"Natia udhu tu, mwanangu. Maji ya samaki twahara. Na kila kopo ninalochota, narudishia jingine."

"Mbona hukusema unataka maji ya moto, mama?"

"Nilikuona una shida na baridi ya samaki. Sikutaka kukuongezea ya kwangu."

Baba alikwenda jikoni, akawasha mkaa kwa mikono yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Maji yalipochemka akayabeba hadi sebuleni, akayachanganya na ya baridi katika ndoo ya bibi. Kisha akakitoa kipimajoto kwenye tangi, akakitumbukiza katika ndoo hiyo. Akakisoma, akaongeza ya moto kidogo.